Karanga Haioti Ubaoni

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msomaji asije akadhani kuwa nimekaa kivulini nikiwanyoshea wenzangu kidole. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, nikifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi wilayani Nachingwea. Siku hiyo somo la Sayansi lilihusu sehemu za mmea. Nilichora ubaoni mmea mzuri wenye mizizi, shina, majani na maua, kisha pembeni nikaorodhesha mizizi tunayokula: muhogo, kiazi kitamu, karoti, karanga. Karoti hakuna mtoto hata mmoja mle darasani aliyepata kuiona. Karanga waliijua wote, kwa kuwa wengi wao walikuwa wameila asubuhi ile ile wakija shuleni.

Binti mmoja aliyeketi dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Karanga si mzizi. Inatoka kwenye ua. Bibi aliniambia."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nalo. Nikamuuliza: ua liko juu, karanga iko chini ya ardhi, sasa hilo ua lilishuka kwa miguu? Wakacheka tena. Binti akaketi. Nilimfundisha miaka mitatu iliyofuata, na sikumbuki kama aliniuliza tena swali lolote mpaka alipomaliza darasa la saba.

Bibi yule alikuwa sahihi, na mimi mwenye cheti cha ualimu nilikuwa nimekosea. Niligundua hivyo mwaka 1991, tena si kwa kusoma kitabu, bali nikiwa nimeinama napalilia shamba langu mwenyewe. Mkaranga hutoa ua dogo la manjano asubuhi, na ikifika alasiri ua limekwisha nyauka. Siku chache baadaye, pale pale lilipokuwa ua, huchomoza kijiti laini chenye ncha kama sindano. Kijiti hicho hakipandi juu kama tawi; huinama, hushuka, na kutoboa ardhi. Ncha yake ikiwa imekwisha kuzama, ndipo huvimba ikawa ganda la karanga. Naam, ua lilishuka, ingawa si kwa miguu. Nilikuwa nimelima karanga tangu utotoni na sikuwa nimeliona jambo hilo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha ambiwa jibu.

Hoja yangu katika kurasa hizi ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda. Tunawafundisha watoto wetu wa shule za msingi majibu ya sayansi, lakini sayansi yenyewe hatuwafundishi. Sayansi ni kazi ya kuuliza kitu chenyewe, kukitazama, kukijaribu, kukosea na kujaribu tena. Majibu ni mavuno ya kazi hiyo. Anayempa mtoto majibu matupu ni sawa na mtu anayempa mwanawe kiroba cha karanga zilizomenywa, halafu akasema amemfundisha kilimo.

Nilipotambua kosa langu nilijaribu kulirekebisha, japo kwa watoto wengine. Januari 1992 mvua zilikuwa nzuri. Nilikuwa na darasa la nne lenye watoto karibu tisini. Niliwagawa vikundi, kila kikundi kikapewa tuta moja nyuma ya darasa na kiganja cha karanga. Sikuwaambia chochote isipokuwa swali: karanga inatoka wapi? Kila kikundi kiliandika jibu lake kwenye karatasi kabla ya kupanda, nami nikazitunza karatasi zile kabatini. Vikundi vingi vilisema ni mzizi. Viwili vilisema ni mbegu ile ile tuliyopanda ambayo inazaa chini kwa chini. Hapana hata kimoja kilichotaja ua.

Mwezi wa pili maua yakaanza. Tulifunga vipande vya uzi kwenye maua waliyoyachagua wenyewe, na kila asubuhi kabla ya namba mtoto mmoja wa kila kikundi alikwenda kutazama. Siku ile kijiti cha kwanza kilipochomoza, nilisikia kelele nikadhani nyoka ameingia matutani. Baada ya hapo sikuwa na kazi ya kuwahimiza. Kikundi kimoja kilizuia vijiti visifike ardhini kwa kuweka kopo tupu chini yake. Vijiti vikakaa vimening'inia, vyembamba, bila kuzaa kitu. Kikundi kingine kikajaza udongo kwenye kopo na kuliinua juu ya jiwe; kijiti kikaingia koponi, na tulipong'oa mwezi wa tano tulikuta karanga imejifunga humo humo, juu ya jiwe. Kikundi cha tatu hakikupata jibu lolote kwa sababu kanga walifukua tuta lao lote. Hilo nalo lilikuwa somo.

Ndipo mvulana mmoja akaniuliza: mwalimu, kijiti kinataka udongo, au kinataka giza? Nilimjibu kuwa sijui. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kulitamka neno hilo mbele ya darasa, na paa halikuanguka. Baadaye nilikuja kujifunza kuwa wataalamu wameliuliza swali hilo hilo: giza ni sharti la ganda kuanza kukua, na madini ya kalsiamu yaliyomo katika udongo hufyonzwa na ganda lenyewe, ndiyo maana udongo ulioyakosa hutoa maganda matupu. Mtoto wa miaka kumi na moja asiye na viatu alikuwa amefika kwenye mlango wa utafiti, na funguo yake ilikuwa kopo la maziwa.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, alitutembelea mkaguzi. Alikuta darasa tupu, ubao mweusi hauna hata nukta ya chaki, na watoto tisini wako nje wamechuchumaa matopeni. Hakuuliza wanafanya nini. Aliomba andalio la somo, akapekua madaftari, akaandika kuwa kazi ya ubaoni haikuonekana na kwamba watoto walikuwa wakitumiwa kwa shughuli za kilimo wakati wa vipindi. Simlaumu yeye peke yake. Fomu aliyopewa haikuwa na mahali pa kuandika kuwa mtoto ameuliza swali zuri.

Sasa nataka kumwonyesha msomaji kuwa jambo hili si la mikarafuu ya mbali; limezikwa katika ardhi yetu hii hii ya Nachingwea. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kuja kutazama kama karanga zingeweza kulimwa hapa kwa wingi. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari kwa ndege, ukarudi na hesabu za mamilioni ya ekari. Kazi ikaanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikaletwa mpaka hapa. Hata vifaru vya kivita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Lakini hapakuwa na mtu aliyelima kwanza shamba dogo la majaribio kwa misimu michache ili aone mvua inanyesha vipi na udongo unakuwaje jua likiwaka. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikang'ang'ania ndani. Kufikia Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimepotea. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wale watu hawakukosa vifaa, elimu wala fedha. Walikosa subira ya kuuliza shamba kabla ya kulijibia. Watoto wangu wenye makopo na nyuzi walikuwa wamefanya jambo ambalo himaya nzima haikulifanya. Ninapomsikia mtu akisema kuwa kufundisha kwa majaribio ni mchezo wa kitoto, huwa namwomba akaitafute reli ya Nachingwea.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo mapya ya wafadhili. Si mapya. Mwaka 1965 ulianzishwa mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliojulikana kwa kifupi kama APSP, ambao ulizihusisha Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine. Fedha zilitoka Marekani, lakini zana zake zilitoka uani: mbegu, wadudu, vijiti na makopo. Katika Chuo cha Ualimu Morogoro alikuwapo Mholanzi mmoja, Jos Elstgeest, aliyeifanya kazi hiyo pamoja na walimu wetu. Moja ya masomo yake lilihusu kale kadudu kanakochimba kishimo chenye umbo la faneli kwenye mchanga mkavu, kakajificha chini kusubiri sisimizi ateleze. Kila mtoto wa kijijini amewahi kukachokoza kwa unyasi. Watoto walipouliza kanakula nini, hawakupewa jibu. Waliambiwa wakaulize kadudu kenyewe. Yaani wakipe chakula hiki na kile, watazame.

Na kama kuna anayetaka ushahidi kuwa njia hiyo ina faida, upo. Eleanor Duckworth alipewa kazi ya kupima mradi huo nchini Kenya. Hakuwapa watoto karatasi ya maswali. Aliweka vitu vingi chumbani, akaingiza watoto kikundi kwa kikundi, akawaacha wafanye watakalo, na watazamaji wakaandika kila walichokifanya. Watoto waliokuwa wamesoma kwa njia ya mradi walibuni mambo mengi zaidi na ya kina zaidi kuliko wenzao ambao hawakuupitia.

Hata nyumbani kwetu wazo hilo lilikuwapo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe. Tulifanya nini sisi walimu? Tulichukua jembe, tukaliacha swali. Shamba la shule likageuka mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa namba. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na kufikia mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikafurisha madarasa yetu. Siipingi hata kidogo, maana bila hiyo huenda binti yule asingekuwamo darasani mwangu. Lakini katika kuhangaika kupata dawati na chaki, tulijizoeza kuamini kuwa kufundisha ni kuandika ubaoni, na mazoea yana taabu.

Nayajua majibu ya wenzangu, kwa kuwa niliyatoa mimi mwenyewe kwa miaka mingi. La kwanza ni kuwa vifaa hakuna. Katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa mtoto anazungukwa na vifaa mpaka anajikwaa. Kila mwaka mikorosho inapochanua anamwona baba yake akipuliza salfa alfajiri dhidi ya ubwiriubwiri. Kwa nini alfajiri, na si saa saba mchana? Kuna umande, kuna utulivu wa upepo. Mtoto anaweza kuyapima yote mawili kwa majivu yaliyochekechwa na jani la mti wowote, bila kuigusa salfa yenyewe. Tuna njugu mawe, tuna ufuta, tuna vichuguu vya mchwa, tuna mito inayokauka na kurudi. Shule ambayo haina vifaa vya sayansi ni ile tu iliyojengwa mahali pasipo na ardhi wala mbingu.

La pili ni wingi wa watoto. Hili ni kweli, na limezidi kuwa kweli tangu ada na michango vilipofutwa mwaka 2016. Lakini watoto tisini wanaokariri ni vigumu kuwatuliza kuliko tisini wanaosubiri kijiti kichomoze. Tuta halihitaji dawati.

La tatu ni mtihani. Hapa sitamdanganya msomaji. Mwaka ule wa karanga sikuumaliza muhtasari, na darasa lile lilipofanya mtihani wa darasa la saba matokeo yake hayakuwa ya ajabu. Hayakupaa wala hayakushuka. Anayeahidi kuwa majaribio yatajaza watoto sekondari anauza dawa ya mtaani. Ninachosema ni kuwa wengi wa watoto wetu watarudi shambani, wafaulu wasifaulu, na shambani hakuna swali lenye herufi A mpaka E. Pale Naliendele, Mtwara, watafiti waliotupatia mbegu za karanga kama Pendo, Mnanje na Mangaka hupanda mbegu hii kando ya ile na kulinganisha. Mkulima aliyefanya hivyo akiwa darasa la nne atamwelewa bwana shamba. Aliyekariri atamwitikia tu.

Niseme pia juu ya jambo linalonikera kuliko mkaguzi wangu wa zamani, nalo ni majaribio ya jina. Siku hizi kila mahali ni mbinu shirikishi. Mwalimu anahudhuria semina, anarudi, anawapanga watoto kwenye vikundi sita, na kila kikundi kinanakili aya ile ile kutoka kitabu kile kile, kisha kiongozi anasimama kuisoma kwa sauti. Huko ni kukariri kwa ushirika. Vivyo hivyo na vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya mwaka 2022. Ni chombo kizuri, nami nakitamani. Lakini picha ya karanga kwenye kioo ni ubao wangu wa mwaka 1986 uliotiwa rangi. Mtoto hawezi kuifunga uzi.

Wala sisemi kuwa mtoto aachwe agundue kila kitu peke yake. Hawezi kugundua vijidudu vya malaria kwa kutazama dimbwi, na sitaki agundue kwa ulimi wake kuwa mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Yapo mambo ya kuambiwa, tena kwa ukali. Mwalimu ana kazi kubwa katika njia hii kuliko ile ya zamani: achague swali linaloweza kujibiwa kwa mikono, ajue lini anyamaze na lini aseme. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi.

Kicheko changu kile kwa binti yule nacho kina ndugu zake. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akiwa Magamba Sekondari, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto kwenye friji ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, darasa zima lilimfanyia mzaha. Akamuuliza Denis Osborne, aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwatembelea, naye badala ya kucheka akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja, na mpaka leo wanasayansi wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wakilikubali na wengine wakilitilia shaka. Waanaobishana wanabishana kwa vipimo, na hiyo ndiyo heshima anayostahili mtu aliyeuliza. Mpemba alikuwa na moyo wa kuuliza mara tatu. Watoto wengi hunyamaza mara ya kwanza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tumeiandika methali hiyo kwenye kuta za madarasa ambamo anayeuliza anachekwa. Ombi langu kwa walimu wa Nachingwea na Ruangwa si kubwa. Mvua zijazo, kila darasa la nne lipande tuta moja la kitu chochote, liulize swali moja ambalo mwalimu mwenyewe hana uhakika nalo, na liandike jibu lake kabla na baada. Kwa wale wanaotukagua, ambao leo huitwa wathibiti ubora, naomba wakifika shuleni wamwite mtoto mmoja, wamuulize anajua nini, kisha wamuulize amejuaje. Akijibu "mwalimu alisema", waandike hivyo katika fomu. Akisema "niliona", waandike na hilo.

Binti yule aliolewa upande wa Ruangwa, nasi hatukuonana tena. Nilimkosea mbele ya darasa zima, kwa hiyo si haki nimjibu kwa siri. Karanga si mzizi. Inatoka kwenye ua, kama bibi yake alivyosema.